Tone la Rangi ya Kucha kwenye Simu ya Mama

Meza ya pili kutoka mlangoni,
Karakana ya Simu,
Sanduku la Posta lile lile la siku zote.

Jumanne, tarehe 14, mwezi wa kumi.

Mpendwa mdogo wangu, kitinda mimba wetu,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo. U hali gani? Wifi yangu hajambo? Na yule binti yenu, meno ya mbele yameshaota au bado anacheka na pengo? Sisi huku tu wazima. Mama mguu umeacha kumsumbua, ila macho ndiyo yale yale: la kulia linaona mwanga na vivuli tu, la kushoto linaona kidogo, tena likiamua. Mimi ni mzima pia, isipokuwa mgongo unalalamika kwa kuinamia simu za watu kutwa nzima.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi kutoka kwa fundi simu. Hata karani wa posta alinitazama mara mbili nilipokwenda kununua stempu. Lakini ujumbe wangu kwako unabaki na tiki moja tangu mwishoni mwa mwezi wa nane, na nikipiga naambiwa namba haipatikani. Anwani hii nimeitoa nyuma ya bahasha iliyoleta picha za harusi yako. Kama mmehama, namwomba atakayeipokea akutafute.

Nina jambo zito la kukuambia. Niache nilifikie taratibu, maana lilianzia kwenye jambo jepesi.

Mwezi ujao linatoka toleo jipya la mfumo wa simu, ule unaotumiwa na karibu kila simu inayopita mezani kwangu. Hapa karakana hakuna habari nyingine. Fundi mwenzangu tunayemwita Profesa, yule aliyewahi kukutengenezea redio ikawa inashika kituo kimoja tu, kila asubuhi anakuja na picha anazosema zimevuja. Moja inaonyesha alama za programu zikiwa kama kioo kilicholowa, unaona mpaka picha iliyo nyuma yake. Nyingine inaonyesha vitufe vyote vimeshushwa chini karibu na kidole gumba, kwa sababu simu zimezidi kupanuka na vidole vyetu vimebaki vile vile. Jana amekuja na mpya, kwamba kitufe cha kupokea simu kitaondolewa kabisa, ukiinua simu sikioni itajipokea yenyewe.

Wateja nao wanakaa kwenye benchi wakiongeza ya kwao. Mwalimu mmoja aliyeleta simu isiyoingiza chaji aliapa kwamba herufi zitanenepa. Dereva aliyekaa pembeni yake akasema rangi ndizo zitapunguzwa ili chaji ikae. Hakuna anayejua. Wanaoutengeneza mfumo wenyewe wamefunga midomo, na sisi tunawasaidia kusema.

Zamani nilikuwa wa kwanza kwenye mazungumzo hayo. Mwaka jana nilibashiri kwamba saa itahamia upande wa kushoto, ikahama kweli, na Profesa akafagia karakana wiki nzima kwa kushindwa. Siku hizi akiniletea picha natazama mahali pamoja tu: kitufe cha kijani cha kupokea simu wamekiweka wapi. Ananitania kwamba nimekuwa kama mtu aliyeingia harusini kutafuta viatu vyake. Sicheki, na sababu ndiyo ninayokuandikia.

Miaka miwili iliyopita, macho ya Mama yalipoanza kumtupa mkono, nilichukua rangi nyekundu ya kucha nikadondosha tone dogo kwenye kioo cha simu yake, chini upande wa kulia, juu kabisa ya mahali kinapotokea kitufe cha kijani. Likikauka linakuwa kauvimbe ambako kidole kinakapata bila msaada wa jicho. Nikamwambia, ikiita, bonyeza tone. Alijifunza mchana mmoja. Alicheka sana akisema hajapaka rangi ya kucha tangu aolewe, na sasa amepakiwa simu. Bila shaka unakumbuka jinsi alivyokuwa akikupokea haraka, kama aliyekuwa ameishika mkononi anakungoja.

Sasa, ile siku ya mwezi wa nane mlipokorofishana. Ulisema likizo imesogezwa tena, na ilikuwa mara ya tatu. Mama akakuambia usimpigie mpaka uwe na tarehe ya kuja. Nilikuwepo, nakunja nguo, nikasikia alivyoitoa sauti ile ya kufunga mlango. Lakini hukuona jioni yake. Chai ilipoa mbele yake. Aliniuliza kama umechukia, nikamjibu kwamba Jumapili saa kumi utapiga kama kawaida yako. Akasema vizuri, maana alikwisha kujuta.

Jumamosi ya wiki ile ile nilikwenda na simu yake kazini kuibadilisha betri. Nilipoiwasha, juu ya skrini likatokea tangazo la toleo jipya la wakati ule, linauliza kama lijiweke. Nikabonyeza kukubali kama mtu anayefukuza nzi. Kila siku nawahubiria wateja: soma kwanza, na kabla hujaondoka hapa jaribu kupiga na kupokea. Kinyozi hajinyoi, mdogo wangu. Niliona alama zimekuwa za duara na rangi zimepauka, nikazisifia, nikairudisha simu kwenye kava yake, nikampelekea Mama nikimwambia sasa una simu mpya. Sikuipigia hata mara moja.

Katika toleo lile walikuwa wamebadilisha nafasi za vitufe. Cha kijani kilihamia kushoto, chekundu cha kukatia kikaja kulia. Labda kuna mtu ofisini kwake aliona inapendeza zaidi hivyo. Simlaumu, hakujua kwamba kuna mama mwenye tone. Mimi nilijua.

Ulipopiga Jumapili saa kumi, Mama alibonyeza tone lake akasema haloo, simu ikanyamaza. Jumapili ya pili ikawa hivyo, na ya tatu hivyo. Mdogo wangu, Mama hakukukatia simu. Alikuwa anakupokea.

Aliniambia kwa sauti ndogo, akitazama ukutani, kwamba ukimsikia tu unakata. Na mimi, badala ya kushika simu yake na kuikagua kama ninavyofanya kwa watu nisiowajua hata majina, nilishika yangu nikakuandikia yale maneno. Unayakumbuka, na mimi nayakumbuka. Kwamba kama hutaki kuzungumza na mama yako, usimpigie kumchezea. Niliona umeyasoma. Ukanyamaza tangu siku ile. Ulikatiwa simu kila ulipopiga, kisha ukasingiziwa kwamba wewe ndiye uliyekata. Ningekuwa mimi ningebadilisha namba na kitasa cha mlango.

Wiki iliyopita ndiyo niligundua, na sikugundua kwa ufundi wangu. Mama mdogo alikuja nyumbani amefura, hata hodi hakupiga vizuri.

"Dada, kama umenichoka sema," alimwambia Mama.

"Nimekukosea nini tena?"

"Unanikatia simu. Mara mbili!"

"Mimi? Simu yenyewe tangu mtoto anune haiiti ikaongea."

Mama mdogo akatoa simu yake akapiga pale pale, wamekaa magoti yanakaribia kugusana. Ya Mama ikaita. Mama akafuta kidole kwenye nguo, akalitafuta tone, akalibonyeza taratibu kama nilivyomfundisha, akaipeleka simu sikioni. "Haloo?" alisema, amemgeukia mdogo wake, akitabasamu. Simu ilikuwa imeshakatika. Mama mdogo akaninyoshea yake nione.

Niliona. Nikamwambia apige tena, nikaitazama ya Mama ikiita: tone lilikuwa limekaa juu ya kitufe chekundu, katikati kabisa. Nilikuwa nimelala nyumba moja na simu ile miezi miwili, na Mama hapigiwi na watu wengi: majirani huja wenyewe na mimi naishi naye. Ukimwondoa mama mdogo, ni wewe tu uliyekuwa ukipiga.

Nilimweleza Mama yote siku ile ile. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Aliniuliza tu ulipiga mara ngapi. Nikafungua orodha nikamsomea: Jumapili tatu, zote saa kumi, na mara moja Jumatano asubuhi. Akanirudisha kwenye hiyo ya Jumatano. Akasema Jumatano asubuhi wewe huwa kazini, huwezi kupiga bila sababu, labda siku hiyo ulikuwa umepata tarehe. Nikasingizia kwenda kuzima jiko.

Majuto ni mjukuu, nasi tulikuwa tukiyaimba maneno haya shuleni bila kuyajua. Najuta kwamba sikuijaribu simu. Najuta zaidi kwamba niliamini haraka ubaya wako kuliko ubaya wa simu, mimi ninayezifungua simu kila siku nikaona jinsi zinavyodanganya. Jambo la dakika moja limekula miezi miwili ya mama yetu, na macho yake hayana miezi ya kuchezea.

Tone la zamani nimelikwangua, nimeweka jingine kushoto. Kidole cha Mama hakikukubali upesi. Siku mbili za kwanza kilikuwa kinakwenda kulia kwa mazoea, tukawa tunafanya mazoezi, mimi napiga kutoka jikoni, yeye anapokea sebuleni na kuniuliza chumvi iko wapi kana kwamba niko mbali. Sasa anakosea mara moja katika kumi. Hilo toleo la mwezi ujao nimelizuia lisijiweke lenyewe, na Profesa nimemwambia akiigusa simu hii atafagia mpaka astaafu. Siku ikibidi kuliweka, maana simu nazo huchoka kuvumilia ya zamani, nitaliweka Mama akiwa amekaa pembeni yangu na chupa ya rangi iko wazi, na nitaipigia kabla sijasimama.

Sikuombi unisamehe upesi. Nakuomba upige. Jumapili saa kumi Mama hukaa dirishani, simu mapajani, kidole amekikausha. Saa kumi na moja huirudisha kabatini mwenyewe, hataki nimsaidie. Ukipiga, iache iite, maana kidole kinaanza kwenda upande wa kulia kisha kinakumbuka. Na ikikatika, piga tena.

Mama mdogo anakusalimu, amesema na yeye umpigie ili ajue kama bado una adabu. Profesa anakusalimu na anauliza habari za redio. Nisalimie sana wifi, umwombe radhi kwa niaba yangu kama alikusoma usoni siku ya ujumbe wangu ule. Binti yenu mwambie shangazi yake anataka kusikia jinsi anavyotamka na lile pengo. Mungu awalinde nyote, awape afya na usingizi mzuri, na njia ya kuja iwe nyepesi siku itakapofunguka.

Mama amenituma nikuandikie hivi, kwa maneno yake mwenyewe: "Mwambie tarehe hata kama hana, apige."

Akupendaye hata ukinuna,
Dada yako.

Namba ya Mama nimeiandika hapa chini, ingawa unaijua. Doa jekundu pembeni yake si wino uliomwagika. Mama aliniomba chupa akalidondosha mwenyewe, mimi nikimshika mkono. Anasema ubonyeze hapo.