Friji Lililotoka Iringa

Jumatano, 9 Julai

Nimefungua duka, nimefunga duka. Baridi imefukuza wateja. Nimeuza mashuka mawili tu, na mama mmoja amejipima kitenge mpaka nikachoka mimi, kisha akakirudisha.

Jioni lori limesimama mlangoni hapa Ilomba na kushusha friji. Milango miwili, refu kuliko mimi, lina mashine ya barafu ndani. Limetoka Iringa, kwa mume wangu. Baba Rehema huyuhuyu ambaye sufuria ya pilau nilianza kumwomba Rehema hajaolewa. Friji sikuomba. Sikulitaja hata kwa utani.

Nimecheka peke yangu jikoni. Nimelizunguka kama mteja. Mwaka huu ndio aliosema atafunga duka la Iringa arudi nyumbani moja kwa moja. Miaka sita ya kuja na kuondoka imetosha. Naona ameanza kutanguliza vyombo. Mtu hatangulizi friji la ukubwa huu kwenye nyumba asikorudi. Nimefurahi, niseme ukweli.

Ijumaa, 11 Julai

Jirani yangu Mama Tumaini kaja kuliona, kavaa sweta mbili na kilemba. Kauliza barafu ya nini Mbeya mwezi huu, si nitoe tu beseni la maji nje usiku. Tumecheka. Ana haki.

Mashine haitengenezi barafu mpaka ivutiwe maji kwa bomba lake lenyewe. Nimemwambia Baba Rehema kwa simu tuliache hivyohivyo, nitaweka nyama na maziwa, basi. Kakataa. Nivute maji. Kila kitu kifanye kazi, asije akawa amenipa nusu. Kasema hivyo, nusu. Nimeona ni mapenzi.

Jumatatu, 14 Julai

Fundi Ambakisye kaja kuunga maji. Katoboa ukuta, vumbi mpaka kwenye unga. Kafunga koki ndogo chini ya sinki, na kutoka hapo mpira mwembamba mweupe unatambaa ukutani hadi nyuma ya friji. Kazi safi. Kufungua, kimya.

Maji ya jikoni yanatoka kwenye tangi la uani, na tangi limekaa chini mno. Hayana nguvu ya kuingia kwenye mashine. Fundi kakuna kichwa. Labda tuinue tangi. Nimechoka na vumbi lake. Nimekula mkate na chai nikalala.

Jumatano, 16 Julai

Fundi karudi. Nimempigia Baba Rehema, nikaweka simu mezani na sauti juu, waongee wenyewe.

Tangi lisiguswe, kasema Baba Rehema, wekeni pampu ndogo. Mpira uachwe mrefu, uviringishwe nyuma, la sivyo friji likisukumwa ukutani linaubana na maji yanakatika. Kabla ya kuunga, maji yamwagwe kwanza kwenye ndoo mpaka uchafu utoke. Na barafu ya mwanzo isiliwe. Ina ladha ya plastiki. Imwagwe mpaka ladha iishe.

Fundi akatikisa kichwa. "Mama, mzee anaongea kama kafunga mwenyewe."

Nikacheka. Baba Rehema hajawahi kubadilisha taa. Mtungi wa gesi ukiisha hutoka nje kusubiri niuunge mimi. Nikacheka, na kicheko kikaishia njiani. Hiyo ladha ya plastiki ameionjea wapi?

Fundi ameenda kutafuta pampu. Nimekaa tu.

Alhamisi, 17 Julai

Sikufungua duka.

Nimekaa na huyu mwanaume tangu nywele zake nyeusi. Namjua. Ni mtu wa mizani. Alipomnunulia mama yake kanga, mama yangu alipata doti ileile, rangi ileile, wakaenda nazo msibani wakaonekana wamevaa sare. Dada yake mmoja akipewa mfuko wa sukari, wa pili anapelekewa wake hata akiwa Chunya. Kutoa kwa kupenda tu hajui. Hutoa ili kusawazisha.

Basi hili langu limesawazishwa na la nani?

Mama yake hayupo. Mama yangu hayupo. Rehema yuko kwa mumewe Dodoma na kifriji chake cha zamani, hajapewa jingine, nimemuuliza. Amebaki nani wa kulinganishwa na mimi? Jibu nalijua. Naliogopa.

Chumba alichopanga kiko Ipogolo, kule chini ya mji wa Iringa barabara kuu inapopita. Kule kuna joto, watu wanakunywa vya baridi. Kule barafu ina maana. Friji hili halikuchaguliwa kwa ajili ya mtu wa Mbeya.

Ijumaa, 18 Julai

Pampu imefungwa. Maji yameingia. Fundi kaondoka, kasema barafu nitaiona kesho.

Baada ya swala ya Ijumaa nimempigia Baba Rehema. Sikulia, sikupiga kelele. Nimeuliza tu kama la Ipogolo linatoa barafu vizuri.

Nikasikia malori yakipita upande wake. Kisha akasema, "Linatoa."

Ameoa. Mwaka jana, baada ya Ramadhani. Anaitwa Zuhura. Ndiye aliyetaka friji. Akamnunulia, na tangu siku hiyo hakupata usingizi mpaka na mimi nimepata langu, maana hataki kwenda mbele ya Mungu akiwa ameegemea upande mmoja. Alivyolisema hilo, sauti yake ilikuwa ya mtu anayengoja kushukuriwa.

Mwaka mzima ananidanganya, lakini kwenye friji akaona asinidhulumu.

Nimeumia. Namchukia. Nimepanga vitunguu kwenye droo ya friji, kisha nikavitoa.

Jumamosi, 19 Julai

Barafu imetoka. Inaanguka kwa kishindo na kila mara nashtuka. Nimeimwaga kwenye sinki. Nimeionja kidogo. Kweli ina plastiki.

Jumanne, 22 Julai

Amepiga tena. Duka la Iringa halifungwi. Atakaa wiki kwangu, wiki kule, na kwa kuwa mimi ndiye mkubwa nichague tuanze na wapi. Ameona hapo ameniheshimu sana. Kasema chochote atakachompa mmoja, na mwingine atapata.

Nikamuuliza, "Na ile miaka tuliyotandika mitumba chini kwenye tope, yeye utampa lini?"

Nikakata simu.

Kaka yangu yuko Tukuyu, angenipokea leo hii. Nimefikiria. Ila duka la hapa nimelijenga kwa mgongo wangu. Na bado namtaka mtu huyu, aibu yangu hiyo. Kuachika sitaki. Kugawana sitaki. Namtaka mume wangu wa zamani, na huyo hauzwi popote.

Mama Tumaini kaingia, kanikuta hivi. Kaosha vyombo vyote akaondoka.

Jioni nimemtumia Baba Rehema ujumbe. Aanze kwangu.

Jumatatu, 28 Julai

Alifika jana na basi la jioni. Tumesalimiana. Amekula, amesifu chakula. Friji hakuligusa na mimi sikumwelekeza.

Leo asubuhi katoka kwenda dukani, mimi nikachemsha maji na kukoroga sabuni kwenye beseni kubwa. Ndivyo ninavyofanya kila akija. Miaka yote hii huja na begi la nguo chafu, kola nyeusi, soksi zinazosimama zenyewe, na mimi hulalamika tangu kuanika hadi kuanua. Nimefungua begi. Mashati yote safi. Yamepigwa pasi, mikono imekunjwa kwa nyuma. Mimi sikunji hivyo.

Nimekaa nayo kitandani. Kumbe mwaka mzima alikuwa anaziweka nguo chafu, kwenye nyumba yenye mke, ili aniletee mimi nisijue. Sasa hana haja.

Nimelia, lakini si sana. Mashati nimeyapanga kabatini vilevile yalivyokuja. Maji uani yalikuwa bado ya moto. Nimerudi, nikachukua lile jeupe la juu, nikaenda nalo uani nikalifua.