Kidimbwi cha Ubatizo Kimegeuka Kijani

Jumapili, 9 Februari 2025
Baba Moraa amekubali kubatizwa! Miaka kumi na minne namwombea huyu mume. Leo amekubali akikamua ng'ombe, hata hakugeuka. Ni Sabato hii, mtoni kwetu hapa, kwingine haendi. Nilienda jikoni nikalia, kisha nikasonga ugali.

Jumanne, 11 Februari
Kidimbwi chetu cha ubatizo pale mtoni ni kijani. Kijani cha rangi ya geti! Mbwa wa jirani yangu Jemimah alikunywa asubuhi, saa sita akafa. Na katibu wa kamati ya mto ni nani? Mimi. Nimempigia Nyanchera, afisa wa maji.

Jumatano, 12 Februari
Nyanchera amekuja na gambuti zake. Ni mwani wenye sumu, anasema. Maji yakisimama, jua likiwaka, mbolea ya mashamba ya chai ikiteremka, unanenepa. Na nani alisimamisha maji? Sisi kanisa! Tulipanga magunia ya mchanga ili maji yafike kifuani.

Mchungaji akauliza kama tunaweza kumwaga ile dawa ya kunyunyizia nyanya, iue mwani. Hapana, akasema Nyanchera — mwani ukifa ghafla unaachilia sumu yote. Na kuchemsha? Hakusaidii. Tutoe magunia mto utembee, na watu na ng'ombe wakae mbali mpaka apime tena.

Mchungaji akasema basi tungoje mvua ya Aprili, mto ujae. Aprili! Baba Moraa akasema sawa. Haraka mno. Hiyo sawa imenichoma.

Alhamisi, 13 Februari
Tumetoa magunia yote, tumevaa glavu za kuoshea vyombo. Baba Moraa hakuja. Eti mgongo. Nimemnyima chai ya jioni.

Ijumaa, 14 Februari
Maji yanatembea. Nyanchera amepima juu kwenye kona ya mto: salama, ila mtu asimeze. Mchungaji amekubali tubatizie hapo. Nimemwambia Baba Moraa. Akauliza kanzu nyeupe ya ubatizo iko wapi. Obe! Nimeipiga pasi mara mbili.

Sabato, 15 Februari
Naandika hapa kwenye nyasi, kando ya kona ya mto. Maji ni safi. Yanafika magotini.

Mchungaji alisema lazima azame mwili wote. Baba Moraa akaketi mtoni. Akalala chali. Kichwa kimezama, miguu imezama. Tumbo limebaki nje. Wamejaribu kumlaza ubavu. Bado. Kwaya imerudia wimbo mpaka wameanza kuangaliana. Mchungaji anasema, ndugu, si dhambi kungoja Aprili.

Baba Moraa hajainuka. Anasema ameshalowa, haendi nyumbani hivi hivi. Sasa ananiita, mbele ya kanisa zima, niende nimkandamize tumbo. Navua viatu —