Saini ya hisa za papa

Mama yangu muzazi,

Nakuamkia toka Kisangani, huku Lubunga ngambo ya mto. Miye niko muzima, mufuko ndio mugonjwa. Muguu wako unaendeleaje? Na paa wamelitengeneza, ao ungali unahamisha kitanda mvua ikinyesha?

Bon, barua yako nimeipata. Umeniamuru niweke saini kwa karatasi ya tonton Saidi, ndugu ya papa na mukubwa wa kampuni yetu ya mashua. Nakuheshimu, mama, lakini sikuweka. Na sitaweka.

Motere ya mashua kubwa imekufa. Ili tupate ingine, tukope kwa koperative, ao tuuze hisa mpya kwa matajiri wa mjini. Tonton anapenda hisa, kwa sababu pesa yake hairudishwi. Akalisema kwa mukutano wa kampuni, watu wakapiga makofi. Nikasimama, miye muuza tiketi. Nikasema kampuni iko na hisa mia moja, na marehemu papa alituachia kumi. Tukiongeza zingine mia, faida itagawanywa kwa mia mbili. Motere moja itazidisha faida mara mbili?

Tonton akasema, "Zaina, wazee hawafundishwi hesabu na mwanamuke."

"Donc wazee waifanye," nikamujibu, "nitakaa."

Habari ya kuuza hisa ilifika sokoni kabla ya motere kununuliwa. Yule tajiri aliyekuwa ananisumbua nimuuzie hisa za papa, leo anataja nusu ya bei yake ya kwanza. Anasema wenye kampuni wakikimbilia kuuza, basi kuna kitu wanakiona.

Bila saini za familia zote zenye hisa tonton hawezi kuuza, ndiyo maana ameniondoa kwenye tiketi. Sasa nachoma makemba, zile ndizi kubwa, bandarini. Aniondoe tu.

Najua unaogopa deni. Nilikuwepo wadai walipobeba cherehani yako, na papa amelala mugonjwa. Ile hasira ningali nayo. Lakini deni lile tulilila. Hili litanunua motere, na motere italilipa, misimu miwili limekwisha. Mwenye hisa mupya haondoki, mama. Atakula na wajukuu wako.

Nisalimie shangazi anayekukanda muguu, na kaka Idi fundi wa baiskeli. Umwambie aache kunipigia simu ya kelele, miye si mutoto wake.

Karatasi ninayo, pa saini yangu pangali wazi. Ukitaka, fanya safari uje mwenyewe. Nitakuchomea makemba, utakula ushibe, utapumuzika, na karatasi utarudi nayo vilevile, bila saini.

Ni miye binti yako asiyesikia,
Zaina