Hongo ya Mwenyekiti

Itambila, Tabora
9 Juni 2024

Dada yangu mpendwa Damari,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na kwamba goti lako limetulia. Mwanao Gerson na watoto wake hawajambo? Mimi ni mzima wa mwili, ila kifua hunisumbua asubuhi kwa vumbi la kiangazi. Nimeandika kwa sababu habari hii sikuweza kuisema kwa simu. Nilijaribu mara mbili, ukadhani mtandao umekatika.

Adriano Lugembe amefariki. Tumemzika Alhamisi.

Kwa miaka ishirini na mitano alikuwa mwenyekiti wa mji wetu mdogo, na kabla ya hapo alikuwa mfuga nyuki huko Ipole, ambako mizinga yake hakuiacha. Kila kikao alikifungua kwa kuuliza ni nani aliyeacha mgonjwa nyumbani. Mimi, katibu wake, nilimkumbusha mara nyingi kwamba swali hilo halimo katika ajenda. Alinijibu kwamba, kama ni hivyo, ajenda yenyewe ndiyo mgonjwa. Akisikia kuna anayeumwa, aliahirisha kikao, nasi sote tukaenda kumjulia hali. Ili tupate maji ya bomba alikwenda Tabora mjini mara kumi na nne, akikaa kwenye benchi na viazi vyake katika kitambaa. Maji yalipofika, nyumba yake ilikuwa ya mwisho kuunganishwa.

Unakumbuka alivyonitania. Wanyamwezi walipopita Ugogo na mizigo ya misafara, babu zetu waliwatoza hongo ya nguo kabla ya kuwaruhusu kunywa kisimani, na utani wetu ulianzia huko. Kila niliposimama kikaoni, Adriano aliwatangazia watu wafiche nguo zao, Mgogo amefika kisimani. Mimi sikucheka. Lakini asali aliyoniletea kila Juni, nusu yake niliituma kwako.

Janeti, wifi yako, alipofariki miaka tisa iliyopita, ulikuwa hospitali, wala hukuambiwa yaliyotokea makaburini. Kabla ya jeneza kushushwa, Adriano alishuka kaburini akaketi. Akasema kwamba leo Mgogo naye anapita kwa Wanyamwezi, na hapiti bila hongo. Watu waliokuwa wakilia walicheka, hata binti yangu. Hiyo ndiyo kazi ya mtani msibani, kuwapa wafiwa pumzi. Hupewa chochote, hata kuku, akatoka. Mimi nilimwita mshenzi mbele ya mji mzima, nikamwamuru atoke. Alitoka taratibu, akajipangusa udongo magotini.

Mtani hakasirikiwi, dada. Nililijua hilo tangu utotoni. Hata hivyo niliacha ukatibu, wala sikumsemesha tena. Asali aliendelea kuileta kila mwaka, nami niliirudisha.

Alhamisi nilisimama nyuma ya watu. Padri alimaliza sala, lakini jeneza halikushushwa. Uwesu, mkubwa wa wachimba kaburi, alisema kwa sauti kwamba mwenyekiti hawezi kuteremshwa kama robota la tumbaku, asidaiwe na mtani hata mmoja, na kwamba Mgogo katika mji huu ni mmoja tu. Hakuna aliyegeuka kunitazama. Hilo liliniuma kuliko kama wangenitazama wote.

Nilivua koti. Nina miaka sabini na sita. Walinishusha kwa ngazi. Niliketi juu ya udongo ule wa baridi, nikasema kwamba Mnyamwezi hapiti. Kicheko kilipasuka juu yangu. Hapo ilinipasa kutaja ninachodai, lakini sikutaja kitu. Nilirudia kwamba hapiti, hapiti, mpaka waliokuwa wakicheka wakanyamaza, kwa maana walitambua kwamba sikuwa nikitania.

Levina, binti yake, aliinama ukingoni akaniteremshia chupa ya asali. Alisema baba yake aliiweka kwa ajili yangu, basi nimwachie apite. Uwesu na mwenzake walininyanyua kwa kunishika makwapani.

Sasa nikuambie nisilomwambia mtu. Siku tano kabla Adriano hajafa, Levina huyo huyo alikuja mlangoni kwangu na ujumbe wa baba yake. Alikuwa amesema: mwambieni Mgogo nakaribia kupita, aje adai hongo yake nikiwa bado na mkono wa kuitoa. Mimi sikumpa binti yule hata kiti. Nilimjibu kwamba mtu mzima haitwi kwa mizaha. Nyumba yao iko hatua mia mbili kutoka kwangu. Siku tano, dada, nililiona bati lao kila nilipofungua dirisha, na sikwenda. Levina hakumwambia yeyote. Aliniletea ile chupa kana kwamba sikuwahi kumfukuza.

Kwa miaka yote hii uliniuliza kwa nini asali imekoma, nami nilikujibu kwamba nyuki wa Adriano wamehama. Nilikudanganya. Nyuki hawakuhama.

Rashidi, jirani yangu, anasafiri kwa basi Jumanne. Atakuletea nusu yako. Nusu yangu iko mezani. Bado sijaweza kuionja.

Nisalimie Gerson na wanawe wote. Waambie wakitaniwa, wacheke.

Mdogo wako akupendaye,
Yoramu Chisanza