Kahawa ya Ligia Haiendi Sokoni

El Guamal, 11 Februari 2009

Mpendwa shemeji Nubia,

Salamu nyingi kutoka huku mlimani. Mimi ni mzima, kuku ni wazima, na mvua imetupumzisha wiki hii. Wewe je, na hiyo nyonga yako? Bado unapanda ngazi kwa matusi?

Nakuandikia kwa sababu simu haishiki huku mpaka nipande hadi kanisani, na nikifika juu pumzi imekwisha na maneno yamekwisha. Tena naona haya kulisema jambo hili kwa sauti. Nataka kununua mashine ya kusagia kahawa.

Najua utacheka. Mtu aliyezaliwa chini ya mibuni, leo anamwuliza fundi cherehani wa Bogotá habari za mashine. Lakini wewe unajua tulivyo. Kahawa nzuri inashuka mjini, sisi tunabaki na makapi, zile buni nyeusi, zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu. Tunazikaanga mpaka ziwe mkaa, tunazisaga kwa ile mashine ya chuma iliyofungwa ukingoni mwa meza, ileile ya mahindi ya mikate, tunatia sukari guru, maisha yanasonga.

Ila msimu uliopita dada yako alitenga kifuko. Alizichuma mwenyewe, nyekundu tupu, kwenye ile mibuni ya nyuma ya jiko. Akaziosha, akazianika, kila jioni anazigeuza kwa vidole kisha ananusa vidole. Nilimwambia, "Ligia, hizo zitatupa bei nzuri." Akasema, "Hizi haziendi sokoni, Evelio. Hizi tutakunywa sisi, Nubia akija. Nataka kabla sijazeeka nijue ni kitu gani tunawauzia watu."

Ndizo za mwisho alizoanika. Ziko darini, bado zimo ndani ya ganda lake. Kuzisaga kwa mashine ya mahindi siwezi, kila kitu kinachotoka mle kina ladha ya mkate wa jana. Nimefikiria misa yake ya mwaka mmoja tangu atutoke, Novemba. Utakuja, tutazinywa kama alivyotaka. Wewe uko mjini, unaona vitu. Niambie ninunue ipi, ila isiwe ya matajiri.

Jana nilikuta miwani yake ndani ya bakuli la maharage ambayo hakumaliza kuyachambua. Mkono mmoja wa miwani bado umefungwa kwa uzi mwekundu. Nimeirudisha palepale.

Shemeji yako,
Evelio


Bogotá, 2 Machi 2009

Shemeji Evelio, mzee wa makapi,

Nimefurahi kuuona mwandiko wako, ingawa kuku wako wangeandika vizuri zaidi. Nyonga inauma, matusi yanasaidia. Hospitali wameniweka kwenye foleni ya kupasuliwa, nami naingoja zamu yangu kama mwanamke anayemngoja mchumba wa zamani, sijui kama atakuja wala kama bado namtaka. Unakula lakini? Usiniambie mayai tu.

Nimekuulizia. Chini ya nyumba yangu kuna duka la kahawa la mama mmoja, doña Rosmira. Nilipomwambia mashine ni ya mkulima wa kahawa wa huko kwetu, mkoa wa Huila, akashika kiuno. "Mkulima wa kahawa hana mashine ya kahawa?" Nikamwambia, "Mama, na yule fundi viatu wa hapo kona, umeshaangalia miguu yake?" Ndipo akanieleza kama mtu na mtu.

Sasa sikiliza. Kuna za visu na kuna za meno. Za visu ndizo rahisi zaidi, zinafanana na blenda ndogo, lakini hazisagi, zinakatakata. Punje moja inakuwa vumbi, jirani yake inabaki pande. Vumbi linatoa uchungu, pande halitoi kitu, na wewe unakunywa ugomvi wao. Hiyo usichukue hata ukipewa bure. Za meno zina meno ya namna mbili, moja limetulia, jingine linazunguka ndani yake, na punje haitoki pale katikati mpaka ilingane na wenzake. Ukitaka laini unakaza skrubu, ukitaka chenga unalegeza.

Za meno zinazotumia umeme ni bei ya ndama. Lakini zipo za mkono, ndogo, unazibana katikati ya magoti na kuzungusha. Zenye meno ya chuma cha pua zimepanda bei. Zenye meno ya kauri, hizo tunazifikia. Rosmira anasema kwa nyumba ya mtu mmoja na wageni wake kauri inatosha, mradi mhimili wa katikati usicheze, maana ukicheza, unga hautalingana hata ukaze vipi. Nimezishika tatu mkononi na kuzitikisa kama mtu anayenunua nazi. Moja haikucheza.

Nainunua mimi. Usibishe. Siku ya mazishi maporomoko yalifunika barabara, nikakaa ndani ya basi nikitazama matope ya watu wengine mpaka mkawa mmeshamzika. Niache basi ninunue mashine.

Itakuja kwa basi. Usiioshe kwa maji, inafutwa kwa brashi kavu. Hilo tu. Novemba nakuja, uniandalie kitanda kisicho na kuku.

Shemeji yako akupendaye,
Nubia


El Guamal, 20 Juni 2009

Mpendwa shemeji Nubia,

Natumaini hujambo na nyonga imekuonea huruma. Mimi mwili ni mzima. Nisamehe kwa kimya hiki chote. Mashine ilifika kabla ya Pasaka, imefungwa vizuri ndani ya vitambaa vyako. Sikukuandikia kwa sababu imevunjika.

Unajua mashine mpya kwetu haianzi kazi hivihivi. Inafunzwa kwanza. Baba yangu alifanya hivyo, na wako bila shaka. Unapitisha mahindi makavu mara ya kwanza, mara ya pili, unga unawatupia kuku, mpaka chuma kisahau mafuta ya kiwandani. Basi nikaoga, nikavaa shati safi, usicheke, nikaibana katikati ya magoti na kuijaza mahindi. Mkono ukagoma. Nikasema ni mpya, ina ukaidi wa mpya. Nikaongeza nguvu. Ikalia kama jino likitoka. Nilipoifungua, meno ya kauri yalikuwa vipande.

Jirani yangu Crisanto alikuwa amekaa kizingitini, anangoja kuonja. Akasema, "Evelio, hiyo si ya mahindi, hiyo ni ya kumsagia padri pilipili manga. Umembebesha mtoto mchanga gunia!" Akacheka mwenyewe. Kisha akaniona uso, akaacha, akainama nami, tukaokota vigae kimoja kimoja kutoka kwenye unga ili kuku wasimeze. Mpaka leo hajalitaja tena, na kwa Crisanto hiyo ni kazi kubwa.

Nilitaka kuzikaanga zile buni kimyakimya, nizisage kwa mashine ya mezani, halafu nikuandikie kwamba kila kitu kimekwenda vizuri. Nilishusha kifuko, nikakifungua. Shemeji, zina harufu ya majani makavu na asali. Nikakifunga tena. Sikuweza kufanya hivyo bila wewe kujua.

Niamulie basi. Nizikaange sasa, tuzisage kwa mashine ya mahindi, nikutumie kopo lako kwa basi? Au tungoje Novemba?

Usinunue nyingine. Tafadhali.

Shemeji yako,
Evelio


Bogotá, 4 Julai 2009

Shemeji yangu,

Nimeisoma barua yako kwenye ngazi, nikacheka mpaka jirani akafungua mlango kuniuliza kama nimeanguka. Kisha nikaingia ndani nikalia. Pole sana. Kosa si lako peke yako. Nilikuambia habari za maji, sikukuambia habari za mahindi, na mimi nimekulia kwenye meza kama hiyo, nimeshika bakuli mama akifunza mashine. Nimeshona nguo za watu wa mjini mpaka nikasahau tunavyofanya kwetu.

Tungoje. Ndilo jibu langu. Dada yangu alitaka nami niwepo, hakusema nitumiwe kopo. Kahawa iliyo ndani ya ganda lake haina haraka, imefunikwa kama mtoto ndani ya blanketi. Usikaange hata punje moja.

Na mashine nitaleta mwenyewe mkononi, ya meno ya chuma cha pua. Rosmira anayo moja aliyoitumia dukani, anataka kuiachia kwa bei ya kirafiki. Nimeshaitikisa, haichezi. Hiyo hata ukikosea ukaipa mahindi itakutukana tu, haitakufa. Lakini usiipe. Msimu wa sare za shule umeniletea kazi, usijali.

Je, unavaa sweta lile la kijivu asubuhi? Ligia aliniambia hulipendi kwa sababu linawasha. Livae.

Shemeji yako,
Nubia


Bogotá, 12 Novemba 2009

Shemeji Evelio,

Naandika kwa haraka, basi linaondoka mchana. Hujambo? Mimi sijui nijibu nini.

Zamu yangu ya nyonga imetoka. Imeangukia siku mbili kabla ya misa. Nilikwenda dirishani pale hospitali kuomba wanisogezee, nikamweleza mama aliyekaa hapo kwamba ni misa ya mwaka ya dada yangu. Akaniambia, "Pole, mama. Ukiikataa unarudi mwisho wa foleni. Hapa wanaokataa ni wengi kuliko wanaotembea." Hakusema kwa ubaya. Mwenyewe alikuwa anachechemea.

Mara ya kwanza matope, mara ya pili nyonga. Dada yangu atafikiri nina visingizio.

Mashine iko ndani ya kifurushi hiki. Legeza skrubu kidogo kwa chujio la kitambaa, usisage laini sana. Kaanga mpaka rangi ya sukari guru, usizifanye mkaa. Kunyweni bila mimi. Ila nakuomba kitu kimoja, uniambie ukweli wa ladha yake. Usiniambie tu ni tamu. Nataka kujua alichotaka kujua.

Shemeji yako,
Nubia


El Guamal, 6 Desemba 2009

Mpendwa shemeji Nubia,

Nimepata habari kwa mtoto wa kaka yako kwamba umepasuliwa salama na unaanza kusimama. Mungu ashukuriwe. Usikimbilie cherehani. Mimi ni mzima, na sweta nalivaa.

Misa ilikuwa nzuri. Padri alitamka jina lake lote bila kukosea. Watu walikuja nyumbani, hata Fabiola, yule anayeonja kahawa kwenye kituo cha kununulia mjini. Alinunua kahawa ya Ligia miaka mingi.

Mashine yako ni mashine. Haikusikia hata harufu ya mahindi. Unga ulitoka umelingana, kama mchanga wa mto, na mikono yangu ilijua mara moja kwamba hii ndiyo tuliyoitafuta. Nilikaanga kama ulivyosema. Nikamimina. Wote wakasema tamu. Crisanto akatangaza, "Hii haitaki sukari guru!" Halafu nikamwona anatumbukiza mapande mawili akidhani nimegeuka.

Mimi nilionja nikajua kuna kitu hakipo, lakini sikujua ni kitu gani. Ningejuaje, nimekunywa makapi maisha yangu yote. Nikamfuata Fabiola alipokuwa anasuuza kikombe.

"Niambie," nikamwambia.

"Don Evelio, nikujibu kama mgeni au kama niko kazini?"

"Kama uko kazini."

Akafuta mikono kwanza. "Ilikuwa kahawa kubwa. Kubwa kweli, bado inaonekana ilikopita. Lakini imelala. Hiyo ladha ya gunia na mbao kuukuu ni mvua za mwaka mzima humo darini. Ganda haliwezi kuzuia hayo yote."

"Ililala lini?"

"Hailali siku moja. Mpaka katikati ya mwaka nadhani ilikuwa bado inazungumza."

Nikamwuliza, "Hata tungeisaga kwa mashine ya mahindi?"

Akaniangalia, nadhani alitaka kuwa mgeni tena. "Hata kwa mashine ya mahindi, don Evelio."

Shemeji, nilianza barua hii mara kadhaa, na katika zile nilizochana kahawa ilikuwa tamu. Lakini uliniomba ukweli, na katika mlima huu wote sina mtu mwingine aliyeniomba kitu mwaka huu. Nakusihi usiubebe mzigo huu peke yako. Mwezi Juni mimi niliuliza, wewe ulijibu, na sote wawili tulitaka kumheshimu. Hapa kwetu hakuna ajuaye kahawa inazeeka lini, kwa kuwa haijawahi kuzeekea mikononi mwetu. Tunaianika, tunaiuza, inakwenda. Hii ndiyo ya kwanza iliyobaki nyumbani, na hatukujua namna ya kukaa nayo.

Hatutajua alichotaka kujua. Fabiola anajua kidogo, na nimemwomba aniambie tena akipita, polepole, kwamba ilikuwa kubwa kiasi gani.

Zilibaki kiasi cha kikombe kimoja. Nimezikaanga na kuziweka ndani ya kifurushi hiki, nzima, sikuzisaga. Mpe Rosmira akusagie. Usitafute ladha ndani yake, zinywe tu zikiwa moto.

Na siku utakapoweza kushuka ngazi zako mwenyewe, ukapita mbele ya duka lile mlango ukiwa wazi, utukumbuke. Mkumbuke yeye kwanza. Ikibaki nafasi, unikumbuke na mimi.

Shemeji yako,
Evelio