Fisi Maji wa Bwawa la Chawia

Jumatatu, 4 Machi 1996
Salamu, kurasa zangu, na mniwie radhi. Tangu Krismasi sijawaandikia. Nimelisha samaki wa kikundi cha kanisa kama kawaida, pumba na majani ya viazi. Wachache tu walipanda juu. Ukingoni nyayo za vidole vitano, na kichwa cha perege kimeachwa. Ni fisi maji. Mara ya mwisho nilimwona nikiwa kijana, kabla kijito hakijakatiwa miti. Miti tuliyopanda upya imemrudisha. Nilifurahi. Kisha nikaona haya, maana samaki hawa tumewaahidi wageni wa Pasaka.

Jumatano, 6 Machi
Nimemweleza Mwadime, mwenyekiti wetu. Ameshanunua sumu. Ataitia kwenye samaki na kumtega ukingoni Jumamosi, kikundi kikikubali. Nikamsihi asubiri, akanijibu: “Mzee, unamtetea huyo mnyama kama shemeji yako.” Nilicheka kwa adabu. Imeniuma.

Alhamisi, 7 Machi
Nimemwona. Yuko na mtoto. Ameketi juu ya jiwe, akimtafuna kaa kama mtu anayetafuna muwa. Nilisimama hadi miguu ikafa ganzi.
Baadaye nilichokonoa kinyesi chake kwa kijiti. Mungu anisamehe, umri huu. Magamba ya kaa matupu, miiba ya samaki kidogo. Kaa ndio wanaotoboa ukuta wa bwawa letu. Mwaka jana tuliuziba kwa udongo hadi mikono ikachubuka. Mwaka huu haujavuja. Sikuwahi kujiuliza sababu.

Ijumaa, 8 Machi
Mvua. Naogopa mkutano wa kikundi kesho. Sijui kubishana na watu.

Jumamosi, 9 Machi
Niliomba radhi kwanza, kisha nikasema niliyoyaona. Mwadime alisema mzee amekuwa mpweke tangu mkewe afariki, sasa anachunguza mavi. Walicheka. Nilitaka kurudi nyumbani.
Mama Wakesho, ambaye nyumba yake iko chini ya bwawa, ndiye aliyesimama. “Mvua ikiiosha hiyo sumu, itashuka kwangu. Weka, Mwadime. Kesho uje unywe chai, maji nitachota hapo hapo.” Hapo kicheko kikamgeukia mwenyekiti.
Tukakokota wavu. Perege wakubwa wamepungua kweli. Nilikiri mbele ya wote. Mwadime mwenyewe akashuka majini, akapapasa ukuta toka mwanzo hadi mwisho. Tundu hakupata, ila moja la zamani. Alipanda ukingoni, matope hadi kiunoni. Akasema sumu itarudi dukani.
Tumekubaliana: waya wa kuku maji yanapoingia na yanapotoka, mawe chini ili samaki wapate pa kujificha, na mbwa wa Mama Wakesho afungwe karibu. Kaa wa kijitoni tumewaachia fisi maji na mwanawe. Pasaka wageni watakula samaki wadogo. Nitawaomba radhi mimi.

Jumanne, 12 Machi
Waya umewekwa, umepinda kidogo. Leo hakuna kichwa cha samaki ukingoni. Nyayo zipo kijitoni, kubwa na ndogo. Sijui kama waya utatosha.
Nimemwandikia afisa wa samaki wa Wundanyi, kwa heshima, kumwomba aje atushauri. Barua ataichukua Mwadime kesho asubuhi. Amejitolea mwenyewe.