Darubini ya Gobori la Baba

Jumatatu, 9 Desemba

Nisamehe, daftari. Mara ya mwisho nilikuandikia mwanzoni mwa Agosti, tumbo limefika hapa, miguu imevimba kama mikate. Sasa ni Desemba, na aliyekuwa tumboni ana miezi minne na anatafuna kola yangu. Si kwamba sikuwa na la kusema. Sikuwa na mikono. Mmoja umembeba Emmett, wa pili unamshusha dada yake Opal kutoka juu ya meza.

Kwa kifupi basi. Wiki ya kuwinda kwa bunduki imeisha jana na sisi hatukupata kitu. Kila nyumba bondeni imetundika kulungu wake, sisi tumetundika nepi. Mume wangu Wade yuko mtoni, anafunga kamba za matishari ya makaa, hashuki hadi katikati ya Januari. Mimi wiki yote nilikuwa hospitali na Emmett, kifua kinamlia kama mlango mbovu. Amepona! Ananyonya kama ndama. Nikimsikia anavyopumua sasa, kimya kimya, nasimama tu kusikiliza.

Lakini friza. Nimeifungua leo: pakiti moja ya soseji, mbaazi, barafu. Nyama yetu ya mwaka mzima ni kulungu. Ya dukani ni ya sikukuu.

Zimebaki siku nne tu, msimu wa gobori, tarehe 4 hadi 7 Januari. Gobori la baba ninalo, marehemu aliniachia mimi, si kaka zangu. Na darubini yake iko juu ya mtutu. Hiyo ndiyo inayonikosesha raha.

Naandika hapa kwa sababu sijamwambia mtu yote. Januari iliyopita nilimpiga kulungu jike kwa gobori hilo. Msalaba wa darubini ulikuwa nyuma ya bega lake, naapa. Risasi ikaingia pajani. Nilifuata damu hadi kijitoni, ikaishia majini. Siku ya tatu kunguru ndio walionionyesha alikolala. Nilisimama pale nikasema kwa sauti: sifyatui tena mpaka niwe na kioo ninachokiamini.

Hata kama tutakula maharage hadi Aprili.

Jumamosi, 14 Desemba

Nimekwenda shambani kwa Kip, mdogo wake Wade, kujaribu. Meza, gunia la mchanga, karatasi ya shabaha hatua hamsini. Mama mkwe, Mama Verna, alibaki na watoto ndani ya pikapu, hita imewashwa.

Risasi ya kwanza katikati. Nikafurahi. Ya pili kiganja kizima kulia. Ya tatu sijui imekwenda kaunti gani.

Kip anacheka. Shemeji, anasema, darubini haina kosa, kosa liko nyuma ya kitako cha gobori!

Nikamwambia anyamaze, nianze upya. Gobori likipigwa mara moja mtutu unabaki na masizi, risasi inayofuata inasukumwa kwa nguvu na inakwenda inakotaka. Baba alinifundisha kufuta kila baada ya mlio. Kip hafuti. Anasema miaka kumi hajafuta na kulungu wanakufa vilevile. (Wanakufa. Hasemi wangapi.) Mimi nimekata nepi ya zamani ya Opal vipande vidogo, mate kidogo, nashusha kwa ufito mpaka chini, napandisha. Kimoja chenye mate, kimoja kikavu. Baruti ileile, nimeipima mara mbili.

Tatu tena. Zimetawanyika kama mbegu.

Hapo Kip hakucheka. Nikaifungua darubini, nikaitikisa sikioni. Kuna kitu ndani kinacheza. Kama punje ya mahindi kwenye kopo. Basi si mimi! Si mimi niliyemtesa yule jike. Ni hii.

Nimeifunga kwenye soksi ya baba, nimeiweka juu ya kabati. Sitaitupa. Lakini haipandi tena juu ya bunduki.

Jumatano, 18 Desemba

Naandika jicho moja limefumba.

Kip alileta darubini yake shambani, ndefu kama mkono wa Emmett na zaidi, inavuta hadi mara kumi na nane. Shemeji, na hii utahesabu viroboto wake. Tukaifunga. Nikapanga jicho. Ili nione picha nzima ilibidi nisogee karibu sana, pua karibu iguse chuma. Nililijua hilo. Nililijua, na bado nikafyatua.

Gobori linarudi nyuma kama farasi aliyeshtuka. Duara la darubini likanipata juu ya nyusi — kah! Damu mpaka kidevuni. Opal akatoka kwenye pikapu anapiga kelele: mama, mwezi umekuuma!

Mwezi kweli. Kovu linakuja kama mwezi mchanga.

Mama Verna akanikandamiza kitambaa, hana haraka. Kisha akainua nywele zake nyeupe. Juu ya nyusi, mwezi mdogo, umefifia. Huu nilipewa na bunduki ya babake Wade, akasema, tulikuwa hatujamaliza mwaka kwenye ndoa. Nilimpikia supu ya maji matupu wiki nzima, adhabu. Sasa karibu kwenye ukoo, mwanangu, usajili umekamilika.

Nilicheka mpaka damu ikaanza upya. Kip, uso umemwiva, anaokota vifaa. Jioni alipita nyumbani, akatuachia soseji mbili za kulungu mlangoni, kama paka aliyevunja sahani.

Wade amepiga simu kutoka melini. Nimemwambia nimejigonga kabatini. Akasema: nyusi ya kulia? Nikasema ndiyo. Akasema: ulikuwa umeegemea karibu mno. Mtoto wa Mama Verna huwezi kumdanganya.

Anasema ninunue mpya, inayong'aa, yenye nguvu. Tutaona.

Jumamosi, 21 Desemba

Duka la Lorene. Misumari mbele, chakula cha kuku katikati, bunduki nyuma. Lorene mwenyewe amevaa miwani mbili, moja puani, moja kichwani.

Aliponiona usoni hakuuliza habari. Aliweka vidole vyake vinne kati ya jicho langu na hewa. Binti yangu, anasema, kwa gobori nafasi kati ya jicho na darubini ni hii, vidole vinne, uone duara lote bila kunyoosha shingo. Chini ya hapo unajitafutia mwezi wa pili.

Kisha: unapigia wapi?

Nikamwambia kibanda changu cha kuwindia kiko chini ya kilima, kulungu wanapita ukingo wa kijito, hatua sabini, themanini, ila Wade anataka yenye nguvu.

— Sasa unataka darubini ya kutazamia majirani wa kaunti ya pili ya nini?

Akanitolea mbili. Moja mpya ndani ya boksi, nzuri, inang'aa kama kiatu cha harusi. Ya pili imetumika, ina mchubuko mrefu ubavuni, inavuta mara mbili hadi saba tu. Zote zina nafasi ya vidole vinne. Nikasema sinunui kwa macho. Zijaribu mbele yangu.

Nilidhani atakasirika. Alifurahi! Akasogeza maboksi ya aiskrimu, akaziweka zote mbili ndani ya friza ya duka. Tukakaa na kahawa, nikamnyonyesha Emmett juu ya magunia ya chakula cha kuku, Opal akawasomea vifaranga kitabu asichojua kusoma. Baada ya saa moja Lorene akazitoa, akazichovya kwenye beseni la maji ya uvuguvugu.

Ile mpya ikavuja hewa, ikatoa mapovu. Kidogo, mfululizo, kama samaki anayepumua. Tulipoiinua, ukungu ndani ya kioo.

Ya zamani — hakuna. Hata povu moja. Kioo kikavu, nikaona kalenda ya ukuta wa mbali mpaka picha ya trekta.

Lorene akaishika ile mpya kwa vidole viwili kama panya. Na kama hii nilimuuzia mchungaji wetu mwezi uliopita, anasema. Akainua simu palepale kumwita aje abadilishiwe.

Nimechukua yenye mchubuko. Mchubuko ni wa nani sijui. Alianguka nayo, ikabaki nzima. Hilo linanitosha.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Wade kwenye simu, kelele za injini. Mkate wa mahindi, soseji za Kip, pai ya Mama Verna. Emmett kalala juu ya karatasi za zawadi. Nimechoka hadi kwenye kucha. Salama wote.

Jumamosi, 28 Desemba

Risasi zote tatu! Matundu yake yanafunikwa na kifuniko kimoja cha chupa ya jamu!

Nianze vizuri. Kip alishika gobori, mimi nikakaza skrubu, kidogo huku, kidogo kule, sio kwa nguvu za hasira. Nafasi tumeipima kwa vidole vinne vya Lorene, nimevikariri. Risasi ya kwanza niliogopa. Nyusi yenyewe ilikuwa inaogopa. Nikafyatua — moshi, teke begani — nyusi kavu. Nikafuta mtutu. Ya pili. Nikafuta. Ya tatu. Kip akaenda kwenye karatasi, akasimama muda mrefu, akarudi amevua kofia.

Nikasema bado. Nikageuza kitufe cha darubini mibofyo ishirini kulia, nikapiga, ikaenda kulia. Nikarudisha mibofyo ishirini, nikapiga tena. Ya baba ingepotea njiani. Hii ilirudi nyumbani, tundu ndani ya tundu. Kisha nikaipakia kwenye pikapu, nikaendesha barabara yote ya mawe hadi kanisani na kurudi, nikapiga ya mwisho. Palepale.

Nikakaa juu ya gunia la mchanga nikalia. Kip akadhani nimeumia tena. Hapana, nikamwambia, niache. Ni mwaka mzima huo unatoka.

Jioni alituma ujumbe: shemeji, huo mfuto wa nepi, unaweka mate kiasi gani?

Ijumaa, 3 Januari

Kesho. Bunduki iko kwenye sanduku lenye kufuli barazani, tupu, ipoe na hewa ya nje. Ukiitoa jikoni penye joto moja kwa moja hadi kwenye baridi, kioo kinatokwa jasho. Nimemkamulia Emmett maziwa yangu chupa mbili. Mama Verna analala hapa. Opal ameniuliza kama kulungu ana mama. Nimemwambia ndiyo. Akauliza kama itamuuma. Nimesema, mama amefanya kila awezalo isimuume muda mrefu. Akafikiri. Akasema, sawa, lakini usimpige mwenye mtoto mdogo. Nimemwahidi.

Jumamosi, 4 Januari

Kibandani. Saa mbili na dakika ishirini asubuhi. Mwandiko mbaya, naandika juu ya goti.

Walikuja watatu, majike, ukingoni mwa kijito. Theluji ikaanza kudondoka palepale, laini. Nikasema basi, kioo kitaziba. Hakikuziba. Nikawatazama mmoja mmoja, hakuna mwenye mtoto. Mkubwa akageuka ubavu. Niliona pumzi yake. Niliona nywele za bega zinavyogawanyika. Msalaba ukatulia nyuma ya bega, haukucheza, na mimi sikucheza.

Mlio. Kisha moshi mweupe, huoni mkono wako. Ndiyo gobori, linakunyima jibu. Moshi ulipoondoka, wawili walikuwa wanapanda kilima. Wawili. Wa tatu sikumwona akienda popote. Kuna nyasi ndefu pale.

Nimegusa nyusi. Kavu.

Baba alisema nusu saa. Usimfuate kabla ya nusu saa, mwache alale. Nimepakia tena, nimekaa. Zimebaki dakika kumi na tatu. Mwaka jana nusu saa hii niliikaa nikitazama saa kila dakika. Leo — sijui nielezeje — natazama theluji inavyoanguka. Kifua kimejaa maziwa, shati limelowa mbele, na moyo umetulia kama sufuria iliyotolewa motoni.

Simu inashika upande mmoja tu wa kibanda. Namwandikia Mama Verna alete, au Kip alete. Niandike hapa kwanza nisisahau:

Sleji nyekundu ya Opal, ile ndefu ya plastiki, ya kumburuta kulungu juu ya theluji.
Kamba ya bluu, iko nyuma ya mlango.
Kisu kidogo cha baba na jiwe lake la kunolea.
Shati kavu.
Kahawa, sukari vijiko viwili.
Risasi mbili za ziada — hapana, nimefuta. Hizo sihitaji.
Na Emmett, amefungwa vizuri kofia masikioni. Hajanyonya kwangu tangu saa kumi na moja alfajiri.